Nimejitolea kijijini Savai'i: kijiji nyota tano, wakala nyota mbili

Jina la wakala silitaji, ila nililipia wiki sita za kufundisha kingereza kisiwa cha Savai'i, Samoa, nikafika mwanzoni mwa Desemba nikakuta shule ndo zinafunga, maana mwaka wao wa masomo unaishia hapohapo. Yaani mtu anakuuzia kazi ya ualimu afu kalenda ya shule hajaiangalia! Nikaandika email, jibu likaja baada ya siku nne, eti "saidia shughuli za jamii".

Haya, nikasaidia. Na hapo ndo raha ilipoanzia, sema sio kwa sababu yao.

Chumba "binafsi" kilikua pazia tu. Fale, yaani nyumba ya kwao, ni nguzo, paa na sakafu, ukuta hamna, mvua ikija ndo mnashusha yale mapazia yaliyosukwa kwa makuti. Watoto wananiangalia nikiamka, nikilala, nikipiga mswaki. Wiki ya kwanza nililia kidogo, ya pili nikazoea. Msosi sasa, jamani, magimbi, shelisheli, na palusami, yale majani machanga ya magimbi yanafungiwa tui la nazi yanaokwa kwenye mawe ya moto, Jumapili baada ya kanisa ndo yenyewe. Jikoni la mawe ni la vijana wa kiume, nilipokaa kukuna nazi walicheka sana afu walipoona naijua kazi wakaniachia kabisa. Kitu kimoja kilinisumbua, mgeni anakula kwanza na watoto wanasubiri, ukimaliza sahani ujue umemaliza na cha mtu, kwahiyo nikajifunza kubakisha.

Kosa kubwa la wakala ni kutokunieleza kuhusu "sa", yaani muda wa sala ya jioni kijijini. Jioni karibu na saa 12 kengele inalia au inapulizwa baragumu ya kombe, kila nyumba inaingia kwenye sala na barabarani hatakiwi mtu. Mi natoka zangu kuogelea, kichwa wazi, nywele zinachuruzika, vijana wamejipanga pembeni ya njia, mmoja akanionyesha kwa mkono kaa chini. Nikakaa palepale kwenye nyasi mpaka kengele ya mwisho. Nilidhani yameisha, kumbe mama wa nyumba alikua na hofu kwelikweli, kwa sababu mgeni akivunja sheria matai, yaani wakuu wa koo, wakikaa kikao faini inaweza kuangukia familia, na faini zenyewe ni nguruwe au katoni za samaki wa kopo. Hakunigombeza, akasema tu, "Mwanangu, ukisikia kengele, kaa popote ulipo." Sentensi moja! Wakala wana kijitabu cha kurasa ishirini, nusu yake bima, na hiyo haimo.

Ukienda we jua tu haya: lavalava, ile nguo ya kujifunga kiunoni kama kanga, ifike chini ya goti, ndani ya fale kaa umekunja miguu usimnyooshee mtu nyayo, ukipita mbele ya waliokaa inama kidogo useme "tulou", yaani samahani napita. Beba dawa ya mbu. Na tala, hela ya kwao, uwe nayo mkononi, usitegemee kadi kijijini.

Mama wa nyumba bado ananitumia voisi, ananiambia koko yangu, kile kinywaji cha kakao, ipo jikoni. Wakala wao wametuma fomu ya maoni, nimewapa nyota mbili, na moja ni ya yule dereva aliyenisubiri bandarini Salelologa wakati boti imechelewa, hakuchukua hata hela ya maji.