Kliniki ya ghorofa ya pili, Kamwokya, Kampala: nyota nne, ya tano imebaki mapokezini

Jina lao silitaji kwa sababu nina lawama, na sitaki kumharibia mtu kazi. Binti wa mapokezi aliniuliza kwa sauti, benchi zima likisikia, "Mama, unaumwa nini?" Benchi lilikuwa na wanaume watatu. Nikasema mgongo.

Haukuwa mgongo. Tangu nijifungue mtoto wa pili, tendo la ndoa liligeuka adhabu: pale mlangoni panawaka kama pamepakwa pilipili, halafu mwili unajifunga wenyewe. Miezi minane hiyo. Mimi mtu wa Mombasa, nimeolewa hapa Kampala, nauza mabuibui Old Kampala. Dada zangu wako mbali, kwa hiyo nikauliza majirani. Mmoja, ambaye mtaa mzima humwita ssenga, yaani shangazi wa kufunda mabinti mambo ya ndoa, akaniletea shabu ya kujioshea, eti nimelegea. Nimelegea wapi! Zahanati mbili zilinipa dawa ya fangasi, na ya pili ikaongeza ushauri wa bure: punguza mawazo.

Daktari wa hapa ni mwanamke, Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, kimenyooka kama amri, lakini ana subira. Alinikalisha karibu saa nzima kabla ya kunigusa. Nilijifungua vipi? Niliongezwa njia? Bado nanyonyesha? Najioshea nini? Panauma mlangoni au ndani kabisa? (Ndani kabisa, alisema, angeanza kufikiria endometriosisi, yaani utando kama wa ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, au maambukizi ya nyonga.) Tukiwa wawili tu akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kunilazimisha. Hakuna, lakini nilipenda kuulizwa.

Kisha akachukua kijiti cha pamba, kile cha masikio, akagusa taratibu kuzunguka mlango kama anafuata tarakimu za saa. Niliruka alipofika penye saba. "Saba," akasema. Kwetu hapo ni saa moja, nikacheka huku machozi yananitoka. Ndipo mshono wangu ulipo.

Akanichorea nyuma ya risiti. Kovu la mshono linavuta. Kunyonyesha kumeshusha estrojeni, homoni ya kike, ngozi ya pale imekuwa nyembamba na kavu. Shabu ikaichubua zaidi. Na misuli ya nyonga, baada ya kuumizwa mara kadhaa, imejifunza kujikaza kabla hata hujaguswa. "Funga ngumi," akaniambia, akajaribu kupenyeza kidole chake. "Tatizo hapa ni kidole au ngumi?" Dawa ya fangasi ingefanya nini kwa ngumi?

Nilikuwa nimeshawaza kwamba nina magonjwa mawili, moja la maumivu na moja la kujifunga. Akasema hata mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani uliviunganisha mwaka 2013, maana kuvitenganisha ni kazi ngumu. Kwa wengine chanzo ni kubakwa, au kulelewa wakiambiwa sehemu hiyo ni aibu. Amewahi kuhudumia wanawake wa Sebei, mashariki mwa Uganda, waliokeketwa kabla sheria ya 2010 haijapiga marufuku. Kwao kovu ndilo tatizo lenyewe. Na wapo ambao hakionekani chanzo chochote, ila mishipa ya fahamu imekuwa nyepesi kupiga kelele.

Mtaalamu wa fiziotherapia yuko mlango wa pili. Amenifundisha kupumua hadi tumboni na kulegeza misuli, kisha kutumia vijiti vya silikoni vya kuzoesha mlango, vinne vinavyoongezeka unene, cha kwanza kama kidole cha mwisho, na jeli ya maji. Shabu nimeitupa. Kumwona daktari nililipa shilingi 70,000, fiziotherapia 50,000 kila mara. Si bei ya soko la jumla la Kikuubo, na hawapunguzi. Nilijaribu.

Mara ya tatu waliniambia nije na Baba Swaleh. Alikaa ukingoni mwa kiti kama anasubiri matokeo ya mtihani. Daktari akamwambia hakuna kujaribu chochote mpaka mwenyewe niseme niko tayari. Akaitikia "sawa, daktari" mara nne, na njiani akaninunulia gonja, ndizi ya kuchoma, bila kuombwa.

Sasa niko kijiti cha tatu. Mkienda, nendeni asubuhi, ngazi ziko upande wa duka la dawa. Dirishani semeni mgongo.