Diski imekufa na picha zangu zote, halafu naulizwa "kwani hukuwa na bakapu?"

Jamani naandika bado nina hasira, mtanisamehe. Ile ekstano yangu, diski ya nje ya kuchomeka kwa USB, ya tera 4, nina nayo kama miaka miwili hivi, imekufa. Haijaanguka, haijamwagiwa maji, ilikuwa imekaa zake tu mezani. Jioni moja nachomeka nasikia tik, tik, tik, kimya, halafu tik tena. Wanaojua wanajua, hapo hedi, kile kisomaji cha ndani, inapapasa kwenye sahani zenye data haipati inachokitafuta. Mimi sikujua, nikawa nachomoa nachomeka, nachomoa nachomeka, kumbe ndo naimaliza kabisa.

Nikasema basi nifungue kasha nitoe diski yenyewe niiunge moja kwa moja kwenye kompyuta, si ndo watu wanavyoshauri. Weee! Ndani hamna hata pa kuchomeka waya wa SATA, ule wa kuunga diski ndani ya kompyuta, tundu la USB limelehemewa palepale kwenye bodi. Yaani wamefunga mlango na ufunguo wakaumeza.

Hata hilo ningesamehe. Kilichonimaliza ni yule dada wa kastoma kea. Nimemweleza wee, picha za mtoto tangu anazaliwa, za marehemu mama, kanisikiliza mpaka mwisho halafu ananiambia waranti inahusu kifaa haihusu data, na kwa kuwa nimefungua kasha hata hiyo waranti yenyewe ndo imekwenda, "kwani hukuwa na bakapu?" Kile "kwani" chake! Utadhani nimechelewa shule. We dada, hiyo diski NDIYO ilikuwa bakapu! Nilihamishia picha humo nikazifuta kwenye laptopu nipate nafasi. Haya, sawa, ukishafuta za kule hiyo siyo bakapu tena, ndo nakala pekee uliyobaki nayo, nimeelewa, lakini si wa kuniambia kwa sauti ile.

Nikaapa kampuni ile sinunui tena. Kutafuta mbadala ndo nakuta watengenezaji wa hadi diski (hard disk) duniani wamebaki watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba. Samsung waliwauzia Seagate kitengo chao 2011, Hitachi nao wakachukuliwa na Western Digital 2012. Sasa ukisusa mmoja unabaki na wawili, na ukiuliza watu huyu anakwambia hao ndo wabovu kuliko wote, yule anakwambia yake ya hao hao ina miaka minane haijawahi hata kukohoa. Wale Backblaze wanaohifadhi data za watu wana diski zaidi ya laki mbili na wanatoa takwimu za zinazokufa, nikakaa nikazisoma usiku mzima, na tatizo linaonekana zaidi kwenye modeli kuliko jina la kampuni. Seagate ya tera 3, ile ST3000DM001, iliwafia vibaya sana, lakini tera 6 za Seagate hao hao zimewadumu miaka na miaka. Kwa hiyo hata hasira yangu haina pa kwenda.

Nikanunua ya mahasimu wao hivyo hivyo, kisasi tu. Miezi haijawa mingi, juzi nafungua CrystalDiskInfo, ile programu ya kupima afya ya diski, nakuta njano ya tahadhari, sekta (vipande vya diski) nane hazisomeki zinasubiri kuhamishwa. Nane! Na diski yangu kuukuu, ya kampuni ile ile niliyoapa, hata sikumbuki niliinunua lini, inazunguka tu, bluu tupu, yaani nzima. Humo ndo nimeweka picha chache nilizookoa kwenye simu ya mdogo wangu.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Nimeweka mbili kwa heshima ya hiyo kuukuu, ya tatu nimeigusa nikaifuta nilipokumbuka kile "kwani". Mkiniuliza mnunue ipi sijui niwaambie nini, mimi jana nimeagiza mbili, moja ya kampuni hii moja ya ile, na moja kati ya hizo itakaa nyumbani kwa mdogo wangu. Yule dada wa simu asijue tu.