Tiki 17 za kijani, na kadi yangu ya benki iko mezani kwa mtu

Naandika hii hasira bado haijashuka, mnisamehe nikirukaruka. Tumehama nyumba juzijuzi hapa, na kubeba kabati ngazini kulikuwa na nafuu ukilinganisha na kubadilisha anwani. Benki, bima ya gari, bima ya afya, umeme, maji, watu wa kodi, mfuko wa pensheni, shule ya watoto, leseni, kila mmoja ana fomu yake na neno lake la siri ambalo ulishalisahau zamani. Ndiyo nikakutana na hii huduma, jaza anwani mpya mara moja tu, wao wanawaarifu wote. Nikalipia ule mpango mkubwa kabisa, maana nilijua watu wangu ni wengi.

Na kusema ukweli kujaza kwenyewe ni raha. Unachagua majina kwenye orodha, unaweka namba zako za uteja, unabonyeza, chai haijapoa umemaliza. Asubuhi yake nafungua nakuta taasisi 17, zote tiki ya kijani, pembeni neno "Imekamilika". Nikamwonyesha mke wangu nikajiona mjanja kweli, nikatupa na kile kikaratasi nilichokuwa nimeandikia majina yao.

Zikapita wiki tatu, au nne, sikumbuki vizuri, simu ikaita namba nisiyoijua. Kumbe ni yule mpangaji aliyeingia nyumba yetu ya zamani. "Kaka samahani, barua zako zimejaa huku, halafu kuna hii moja ngumungumu, nahisi ina kadi ndani." Nikaishiwa nguvu. Kadi yangu ya benki ilikuwa inakaribia kuisha muda, wakatuma mpya, wakaituma kule. Siku mbili baadaye anapiga tena, kaka imekuja bahasha nyingine ya benki, nyembamba. Hiyo ni ya namba ya siri! Zile bahasha mbili zinatenganishwa makusudi, mwizi akipata moja asiwe na ya pili, sasa zangu zote ziko mezani kwa mtu ambaye hata jina lake la pili silijui. Angekuwa mtu mwingine saa hizi nisingekuwa naandika maoni, ningekuwa polisi.

Nikaingia kwenye chati ya huduma kwa wateja nikijua ni kosa dogo watarekebisha. Akaja mhudumu, "Ndugu mteja, kwa upande wetu zoezi limekamilika." Nikamwambia limekamilika vipi na kadi imeenda nyumba ya zamani? "Ndugu mteja, sisi tunatuma taarifa, kubadilisha ni wao." Haya, sasa tiki ya kijani maana yake nini? "Maana yake taarifa imetumwa." Imetumwa! Haijulikani kama imefika, kama kuna aliyeisoma, kama kuna aliyegusa chochote, wao wakishatuma tu tayari kijani. Nikamuuliza kwa upole kabisa, naapa kwa upole, kwa nini msiandike "imetumwa" basi kama ndiyo maana yake? Kimya dakika tano nzima. Halafu, "Ndugu mteja, je, kuna jambo lingine naweza kukusaidia?" Lingine! Hilo la kwanza umenisaidia saa ngapi? Akafunga chati, zikaja zile nyuso tano za katuni nichague nimeridhika kiasi gani.

Benki kwenyewe yule dada alikuwa mstaarabu, akaniambia imeili yao tuliiona kaka, ila hatuwezi kubadilisha anwani yako kwa maneno ya mtu wa tatu. Na hapo sina la kusema maana ana haki, ingekuwa rahisi hivyo tapeli yeyote angehamishia barua zangu kwake. Anataka nije na kitambulisho, nisaini, na akaunti ni ya wawili kwa hiyo mama watoto naye asaini, halafu bili yenye anwani mpya. Bili ipi? Umeme nao (tiki ya kijani) walikuwa bado wanatuma kule kule, nikawafuata, wakasema lete uthibitisho wa makazi, kwa mfano taarifa ya benki. Nikacheka mwenyewe pale kaunta kama chizi. Kilichonitoa ni mkataba wa pango, nilibahatika haukuwa kwenye yale maboksi ambayo hatujafungua mpaka leo.

Baada ya hapo nikapiga simu moja moja. Waliokuwa wamebadilisha kweli ni sita, gazeti, duka la mtandaoni, maktaba, gym, wa aina hiyo, yaani wale ambao barua yao ikipotea silali njaa. Wakubwa wote bado. Cha bima ya gari ndicho kilinitia baridi, bei yao inaangalia pia gari linalala wapi, kwa hiyo hawawezi kubadilisha mpaka wakupe bei mpya uikubali mwenyewe, na ukipata ajali wakikuta anwani siyo wanaweza kukuzungusha kwenye madai. Na mimi naendesha tu wiki zote hizo nina tiki yangu.

Shemeji yangu anaishi Uswidi, ananiambia kule ukihama unaripoti kwa watu wa kodi, wanaitwa Skatteverket, ndio wanaoshika daftari la wakazi, na ofisi nyingi za serikali zinachota anwani mpya humo humo. Hiyo sasa ndiyo mara moja. Hawa wangu hawashiki daftari lolote, wanashika orodha ya imeili.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Halafu nikakumbuka ile orodha yao ndiyo iliyonikumbusha pensheni ya kazi niliyoacha miaka mingi nyuma, nilikuwa nimeisahau kabisa, na hapo nikataka kuongeza. Kwa hiyo labda kama unataka orodha tu ya kukukumbusha, ingia, angalia majina, toka, usilipie. Lakini tena nikawaza, hawa watu nimewapa tarehe ya kuzaliwa, namba za akaunti, anwani mbili, kwa ajili ya nini, kutumiwa imeili ambayo ningetuma mwenyewe? Hapana, moja inatosha.

Nimeweka mbili. Ya pili ni ya yule mpangaji, haiwahusu wao hata kidogo ila hakuna pengine pa kuiweka. Amefunga bahasha zote kwa mpira wa manjano, hajafungua hata moja. Jumamosi naenda tena kuchukua zilizoingia wiki hii.