Epson L3250 kwenye mtandao wa ofisi uliobanwa: uzoefu wangu

Kama ofisi yenu ina mtandao uliobanwa na unataka printa yako mwenyewe mezani, chukua yenye tundu la USB, ichomeke kwa waya, na habari ya waifai uiache kando. Nimeitumia Epson L3250 kaskazi na kusi, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, upande wa Kilindini, na ni mashine ninayoipenda kweli. Kazi ilikuwa kuiingiza ofisini, na hayo ndiyo nataka kuyaeleza kwa kirefu, maana dukani hakuna atakayekwambia.

Sakafu yetu nzima ina mashine moja kubwa, iko mwisho wa ukumbi. Meli ikishashusha mzigo kila karani anataka kuprinti saa ile ile: BL (hati ya meli ya kupokelea mzigo), ankara, orodha za mzigo, barua za wateja. Karatasi zinatoka zimechanganyika. Nimeshuhudia ankara ya mteja mmoja ikiwa katikati ya faili la mteja mwingine, na kwa nchi iliyo na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, hilo si jambo dogo. Tena kontena likipitisha siku zake za bure bandarini, gharama zinaanza kuhesabika, na mteja hataki kusikia habari za foleni ya printa. Meneja wangu akakubali nilete yangu kwa sharti moja tu, kwamba watu wa TEHAMA waridhie.

Kijana wa TEHAMA nilipompigia aliniambia, "Dada, ilete niione, lakini usiichomeke popote kwanza." Nashukuru alisema hivyo, na nashukuru zaidi kwamba aliketi akanifafanulia badala ya kukataa tu.

Waifai ya wafanyakazi kwetu haina nywila moja ya wote. Kila mtu anaingia kwa jina lake na nywila yake, na seva ndiyo inayoamua upite au usipite. Mafundi huuita mtandao wa namna hii WPA2 Enterprise. Printa za daraja la nyumbani, na hii ni mojawapo, zimetengenezwa kwa ule mtindo wa nyumbani ambapo nywila ni moja. Hazina mahali pa kuandika jina la mtumiaji. L3250 hata kioo haina, ina vitufe na taa. Ni sawa na kufika geti la bandari bila pasi: hata uwe na sababu nzuri vipi, askari hana cha kukagua.

Nikauliza kuhusu waifai ya wageni. Nayo ina mambo mawili. Kwanza, ukiunganisha simu hukuletea ukurasa wa masharti uyakubali ndipo intaneti ifunguke, na printa haina kivinjari cha kuufungulia ukurasa huo. Pili, vifaa vilivyomo humo vimetenganishwa visionane. Simu yako na printa vinaweza kuwa juu ya meza moja, kwenye mtandao mmoja, na bado simu ikakwambia printa haipo. Mtu asiyejua hili atabadilisha wino, ataizima na kuiwasha, atairudisha dukani, na printa ni nzima kabisa.

Ipo njia ya tatu, Wi-Fi Direct, ambapo printa inatoa mawimbi yake yenyewe na kompyuta inajiunga nayo. Inafanya kazi vizuri nyumbani. Ofisini TEHAMA waliikataa na walikuwa na haki: kila printa inayorusha mawimbi yake ni mlango ambao hakuna anayeulinda. Halafu laptopu yenye antena moja ikijiunga na printa mara nyingi huachia waifai ya ofisi, kwa hiyo ungekuwa unaprinti huku mfumo wa forodha umekatika. Aliizima mbele yangu. Laiti ningekuwa na printa yenye tundu la kebo ya mtandao wangeweza kuisajili na kuipa anwani yake maalumu, lakini L3250 haina tundu hilo.

Ikabaki USB. Hofu yangu ilikuwa kwamba kompyuta zetu zimefungwa zisipokee flashi. Kumbe kwa kompyuta flashi ni aina moja ya kifaa na printa ni aina nyingine, na sera inaweza kuzuia ile ikaruhusu hii. Waya wake ni ule wenye ncha ya mraba upande wa printa, unapatikana maduka mengi ya Digo Road. Chukua mfupi, usiulaze chini ukakanyagwa na viti.

Draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, ndiyo iliyomleta kijana tena mezani kwangu, kwa sababu mimi sina haki za msimamizi kwenye kompyuta ya kampuni. Wengi wetu tunaona hilo ni kubaniwa. Mwaka 2021 iligunduliwa kasoro kwenye Windows iliyopewa jina PrintNightmare, ndani ya ile huduma inayopanga kazi za kuprinti, na kupitia hapo mvamizi angeweza kushika kompyuta yote. Agosti mwaka huo Microsoft wakabadilisha utaratibu, ikawa kusakinisha draiva za printa kutoka kwenye seva kunahitaji msimamizi. Nilipoelewa hivyo sikuona tena sababu ya kunung'unika. Aliweka draiva ya kuprinti na programu ya kuskani, basi. Vikolombwezo vingine vya kwenye mtandao aliviacha.

Tangu hapo sijapata shida ya muunganisho. Naprinti, karatasi inatoka. Kasi ni kama kurasa 10 kwa dakika kwa nyeusi, inatosha meza moja. Chupa ya wino mweusi inatajwa kufikisha kurasa 4,500, na unaona kwa macho tangi limefika wapi. Kuskani kunapita kwenye waya huo huo. Kisichokuwemo ni kuprinti pande mbili bila kuigeuza karatasi kwa mkono, na kwa anayetoa mikataba mirefu hilo litamchosha. Pia wino wa majimaji si tona, ule wino wa unga. Hati ikilowa, maandishi yanaweza kusambaa, hivyo zinazopelekwa mjini wakati wa mvua naziweka kwenye bahasha ya plastiki.

Wenzangu walitaka niwafungulie waprinti kutoka kompyuta zao kupitia yangu. Sera hairuhusu, nami sikuisukuma. Mwenye haraka ananitumia kwa imeli, namprintia.

Jambo la pwani ambalo lazima niliseme ni karatasi. Kiyoyozi huzimwa Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi rimu iliyoachwa wazi imevuta unyevu wote wa bahari. Ukiishika unaihisi laini, kingo zimejikunja kidogo, na zinaingia mbili mbili au zinakwama. Hiyo si kosa la printa yoyote. Mimi naacha karatasi chache tu kwenye trei, zilizobaki zinakaa kwenye deli la plastiki lenye mfuniko unaobana, na mvua za masika zikianza hata hizo chache nazitoa jioni kabla ya kuondoka.

Siku ninazofanyia kazi nyumbani Kisauni huwa napewa laptopu ya ofisi yenye VPN, yaani njia iliyofungwa ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. VPN ikiwaka, printa ya waifai ya mume wangu haionekani kabisa, kwa kuwa kila kitu kinapitishwa ofisini. Nikiichomeka kwa waya inaprinti, baada ya yule kijana kuiwekea draiva yake pia. Kwa hiyo mkimpelekea mtu wenu wa TEHAMA ombi, mwandikieni modeli ya printa, kwamba ni ya USB, kwamba waifai yake izimwe, na kompyuta gani itaitumia. Langu liliandikwa hivyo, na lilipita bila kurudishwa.