Inverta nzuri, duka la ovyo: uzoefu wangu na mashine ya kuchomelea

Hasira hii nimekaa nayo tangu kabla ya mvua kuanza, na bado haijanishuka.

Nina kibanda Magongo, hapa Mombasa, natengeneza mageti na grili za madirisha. Inverta niliinunua mjini, duka moja upande wa Mwembe Tayari, mpya ndani ya boksi. Kazi ya kwanza tu, geti la mteja wa Jomvu, nachomelea kidogo taa ya njano inawaka na moto unakatika katikati ya mshono. Naiacha ipoe, inarudi, kijiti cha kuchomelea hakijaisha, njano tena. Mteja amesimama hapo anatazama.

Taa hiyo kila fundi anaijua: mashine imepata joto, inajilinda. Kibati chake kinasema asilimia 60, yaani dakika 6 za kuchoma katika kila 10. Mimi hata 2 sikufikisha, tena kwa kijiti chembamba cha milimita 2.5, ampea 80 hivi.

Nikairudisha na risiti yangu. Kijana wa kaunta hakuigusa hata kwa kidole. "Stima ya huko kwenu ndiyo mbovu," akasema, wateja wote wanasikia. "Na hizi si mashine za mafundi wa kando ya barabara." Namzaa yule! Hata salamu yangu hakuitikia.

Haya, tuzungumze stima. Ikiwa ndogo, au ukiivuta kwa ekstensheni ndefu ya waya mwembamba, moto unanyong'onyea na kijiti kinaganda kwenye chuma. Kwangu hakikuganda. Niliweka mita kwenye soketi ikasoma volti 236, na nikichoma haikushuka chini ya 220. Jirani alichomeka mashine yake hapo hapo akafanya kazi mpaka alasiri, taa haikuwaka.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Changamwe anayetengeneza hizi mashine. Aliichomoa, akaiacha kwanza, maana kapasita za ndani hubaki na chaji ya volti 300 na ushei, inaua. Alipofungua kava la mashine akaniita: "Mwanangu, njoo utazame." Kiunganishi cha feni, kile cha plastiki nyeupe chenye waya mwekundu na mweusi, kilikuwa kimeingia upande mmoja tu. Akakisukuma kwa dole gumba, kikalia ta! Akaiwasha, feni ikazunguka.

Nilikuwa nimeshawaambia watu wote wasiinunue. Naliondoa neno hilo. Tangu siku ile inachoma vizuri sana, mshono laini, moto hautetereki. Vishimo vikitokea kwenye mshono huwa ni vijiti vyenye unyevu wa hapa pwani, navianika juani na kuvihifadhi kwenye mkebe uliofungwa.

Lakini nikikumbuka kazi ya Jomvu iliyochelewa, sijui hata kama niisifu. Mashine inauzwaje bila kuwashwa? Kuomba radhi hawajaomba mpaka leo.

Ukienda kununua, wakuwashie pale pale dukani, uweke kiganja nyuma usikie upepo. Zipo ambazo feni husubiri joto. Hiyo waambie wachome kijiti kizima mbele yako. Wakikataa, beba pesa zako uondoke.