Pointi 42 za Ngamiani: fundi, nyaya na hesabu ya kubadili umeme wa nyumba kongwe

Nyumba ya shangazi yangu iliyopo Ngamiani, jijini Tanga, ilijengwa mwaka 1974, na tangu wakati huo nyaya zake zilikuwa zikiungwaungwa tu, hazikuwahi kubadilishwa. Mwaka jana, pasi ilipompiga shoti kwa mara ya tatu na yeye akaendelea kuinyooshea kanga akiwa amevaa ndala za mpira kama kinga, niliamua kwamba kazi hiyo haiwezi kusubiri tena. Haya ninayoyaandika ni tathmini yangu kuhusu fundi mwenye leseni niliyempa kazi hiyo, pamoja na hesabu kamili ya fedha zilizotumika, kwa sababu kabla ya kuanza nilitafuta mtu wa kunieleza gharama hizo kwa tarakimu na kila niliyemuuliza alinijibu kwamba "inategemea".

Dalili zilikuwepo muda mrefu. Nilizima kila kifaa, nikachomoa hata chaja ya simu, lakini kitaa chekundu cha mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, kikaendelea kumeta polepole, maana yake kuna umeme uliokuwa ukipita mahali ambapo hakuna aliyeuita. Soketi za vyumbani zilikuwa na matundu matatu, ila nyuma yake zilifika nyaya mbili tu. Ule wa kupeleka umeme ardhini haukuwepo kabisa. Fyuzi ya sebuleni, ambayo ilipaswa kuwa na kiwaya chembamba cha kuyeyuka umeme ukizidi, ilikuwa imefungwa kipande cha waya mnene na fundi fulani wa miaka ya nyuma, kipande ambacho kisingeyeyuka hata kama nyumba nzima ingewaka. Mabomba ya chuma yaliyopitishiwa nyaya ndani ya kuta yalikuwa yameliwa na kutu, jambo lisiloshangaza katika mji ambao upepo wa bahari hula hata bawaba za milango, na ganda la nyaya zenyewe lilimeguka kama ganda la karanga ulipojaribu kulikunja.

Mafundi watatu walikuja kuangalia kazi. Wa kwanza alikuwa yule ambaye watu wa Tanzania humwita kishoka: hana leseni, ana bisibisi mfukoni, na anamjua kila mtu mtaani. Alisimama mlangoni, akatazama dari, akasema kwamba ufundi utakuwa shilingi 5,000 kwa kila pointi, yaani kila taa, swichi, soketi au kifaa kinachofungiwa nyaya, na kwamba sili ya mita ingeweza kukatwa jioni na kurudishwa asubuhi bila ya mtu kujua. Kauli hiyo ya pili peke yake ilitosha kumwondoa, kwa kuwa kila kitu kuanzia nguzoni hadi kwenye mita ni mali ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, na kuigusa sili yake ni kosa ambalo angelijibia mwenye nyumba, yaani shangazi. Wa pili alikuwa kijana mwenye cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, mwenye adabu na mwenye maarifa, lakini hakuwa bado na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambayo ndiyo huwapa mafundi umeme kibali cha kufanya kazi kulingana na daraja la kila mmoja. Cheti kinaonyesha kwamba mtu amejifunza. Leseni inaonyesha kwamba ameruhusiwa na kwamba anaweza kufuatiliwa akiharibu. Wa tatu alikuwa nayo, akaitoa kabla sijamwomba, nikasoma jina, daraja na tarehe ya kuisha muda wake.

Huyo wa tatu alipokuja hakutaja bei. Alimwamkia shangazi, akakaa, akamuuliza anatumia vifaa gani na anatarajia kuongeza vipi, akaambiwa kwamba jiko la umeme lipo stoo linasubiri nyaya za kuliweza na kwamba wajukuu wanataka hita ya maji ya kuoga. Kisha alipima kila chumba kwa futi kamba, akachora ramani ndogo kwenye daftari, na siku mbili baadaye akaniletea karatasi mbili: moja ya vifaa, ambayo kila waya uliandikwa kwa unene, rangi na urefu, na nyingine ya ufundi. Alihesabu pointi 42, yaani taa 15, swichi 11, soketi 14, jiko na hita. Bei yake ilikuwa shilingi 12,000 kwa pointi, ambayo ni 504,000, akaongeza 60,000 za kufunga ubao wa kugawia umeme na 80,000 za kupima na kuandika ripoti. Jumla ya ufundi ikawa shilingi 644,000, dhidi ya 210,000 za kishoka.

Hapo ndipo wengi humkimbia fundi wa namna hii, na nakiri kwamba nami niliiweka ile karatasi mezani nikaitazama kwa muda. Kilichonirudisha ni orodha za vifaa. Kishoka alikuwa ameniandikia vifaa vya shilingi 2,010,000, akinisisitizia duka moja maalumu, na ndani ya orodha hiyo hapakuwa na waya wa ardhini hata mita moja, ilhali roli za nyaya za taa zilizidi mahitaji kwa karibu maradufu. Mtu yeyote aliyewahi kujenga anajua maana yake: dukani kuna cha juu cha fundi, na roli zinazobaki huondoka naye. Orodha ya fundi mwenye leseni, ikiwa na waya wa ardhini katika kila soketi na kifaa cha kukata umeme unapovuja, ilifika 1,640,000. Ukijumlisha ufundi na vifaa, kishoka alikuwa 2,220,000 na mwenye leseni 2,284,000. Tofauti ni shilingi 64,000. Nilikuwa nimejiandaa kubishana juu ya bei ya pointi wakati fedha yenyewe ilikuwa ikipotelea kwenye nyaya.

Niseme kidogo kuhusu vifaa hivyo, maana ndivyo vinavyokula fedha. Nyaya peke yake zilichukua 1,055,000: roli 4 za milimita za mraba 1.5 kwa ajili ya taa kwa shilingi 75,000 kila moja, roli 4 za milimita za mraba 2.5 kwa ajili ya soketi kwa 125,000, mita 45 za milimita za mraba 6 kwa ajili ya jiko na hita, na mita 12 za waya mnene wa kutoka kwenye mita hadi kwenye ubao. Ubao na breka zake ulikuwa 190,000, soketi na swichi na holda 215,000, mabomba ya plastiki na maboksi 135,000, na fimbo ya kuzamisha ardhini pamoja na kibano chake 45,000. Hizi ni bei za madukani Tanga wakati huo. Niliuliza pia Kariakoo, ambako roli ilikuwa nafuu kwa shilingi elfu chache, lakini ukiongeza gharama ya kusafirisha mzigo kwa basi, pamoja na ugumu wa kurudisha kitu kibovu, unafuu huo unayeyuka.

Fundi alikuja nami dukani, akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: alikata ncha ya waya, akahesabu nyuzi, akakwaruza shaba kwa kisu kuona kama ndani yake ni shaba kweli au ni alumini iliyopakwa rangi. Roli mbili za kwanza alizirudisha. Pia alisisitiza nidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ingawa muuzaji alikuwa na bei mbili, moja ya risiti na nyingine ya "tuelewane". Wiki ya tatu baada ya kazi, breka moja ilikataa kushika, na ni risiti hiyo iliyonipatia nyingine bila ya maneno.

Kuhusu rangi za nyaya, alinieleza jambo ambalo nadhani kila mwenye nyumba ya zamani anapaswa kulijua. Katika mfumo wa kale wa Kiingereza tulioufuata, waya mwekundu ndio wenye umeme na mweusi ndio wa kurudisha. Katika mfumo mpya, wa kahawia ndio wenye umeme na wa bluu ndio wa kurudisha, wakati mweusi umekuwa mmojawapo wa nyaya zenye umeme katika nyumba zinazopokea umeme wa njia tatu (three phase). Akija mtu akiunganisha nusu ya nyumba kwa mfumo mmoja na nusu kwa mwingine, ameacha mtego kwa fundi atakayemfuata. Kwa hiyo hakukubali kuacha hata kipande kimoja cha waya wa zamani, pamoja na kwamba shangazi alimsihi auache ule wa barazani kwa kuwa "huo bado mzima, mwanangu".

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, isipokuwa muda na vumbi. Aliahidi siku 6, zikawa 9, kwa sababu alikwenda Korogwe kwenye msiba na hakutoa taarifa hadi tulipompigia simu. Shangazi akalala siku mbili na taa ya kandili katika nyumba iliyokatwa umeme, na hilo sijalisahau. Kukata kuta alimwachia saidia fundi wake, kijana mwenye nguvu kuliko mkono mtulivu, ambaye mifereji yake ilipinda na katika chumba kimoja ikabomoa lipu upana wa sinia. Kurudishia lipu hakukuwa ndani ya bei ya fundi umeme, jambo ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi yake lakini mimi nililisoma harakaharaka, na mwashi akanitoza 180,000 pamoja na saruji na mchanga. Hivyo jumla halisi ya kazi nzima ilikuwa shilingi 2,464,000, bila ya rangi, ambayo bado hatujapaka.

Siku ya mwisho ndiyo iliyonithibitishia kwamba zile 80,000 za kupima hazikuwa za bure. Alileta mita ambayo mafundi huiita mega, inayosukuma volti 500 kwenye nyaya zikiwa zimezimwa ili kuona kama ganda linavuja, na akanieleza kwamba kila mkondo unapaswa kusoma si chini ya megaomu 1. Mikondo yote ilisoma mamia, isipokuwa wa taa za barazani, uliosoma 0.4. Nyaya zilikuwa mpya na taa ilikuwa ikiwaka vizuri kabisa. Mtu asiyepima angekusanya vifaa vyake akaaga. Yeye alifungua boksi moja baada ya jingine hadi akakuta waya uliobanwa na skrubu ya swichi, ganda likiwa limechanika kidogo. Mvua za masika zingeingia humo, na ukuta wa baraza ungeanza kurusha watu. Alipima pia fimbo ya ardhini, akaona haitoshi, akazamisha ya pili kwa gharama yake kwa sababu, kama alivyosema, makadirio yalikuwa yake na kosa lilikuwa lake. Mwisho alibonyeza kitufe cha majaribio kwenye kikata-umeme cha miliampea 30, nyumba ikazima papo hapo, na shangazi akapiga kelele kutoka jikoni akidhani kazi imeharibika.

Malipo tuliyagawa mara tatu: 250,000 nyaya zilipofika, 250,000 zilipomaliza kutandazwa, na 144,000 baada ya vipimo. Namshauri yeyote asikubali kulipa sehemu hiyo ya mwisho kabla ya kuona namba za vipimo zimeandikwa kwenye karatasi. Ripoti aliyotupa imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, na shangazi, ambaye nyumba ni yake, hawezi kuisoma. Nimemwomba fundi aandike walau jina la kila breka kwa Kiswahili mlangoni mwa ubao, naye akaandika kwa kalamu ya wino mzito: sebule, jiko, vyumba, nje, hita.

Matumizi ya umeme yameshuka kutoka yuniti kama 125 kwa mwezi hadi takribani 95, na kwa bei ya shilingi 356 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwemo, hiyo ni akiba ya shilingi 10,680 kwa mwezi. Anayetarajia kurudishiwa gharama kwa njia hiyo ajiandae kungoja miaka 19. Kwa uaminifu wa vipimo na hesabu nampa fundi huyu alama ya juu kabisa, kwa mawasiliano nampa nusu yake, na kama nitamwita tena, kwa kuwa banda la uani nalo lina nyaya za enzi zilezile, nitaandika kwenye makubaliano faini ya kila siku anayochelewa bila ya taarifa, na mifereji ya ukutani nitampa mwashi tangu mwanzo. Pasi ya shangazi sasa hairushi. Ndala za mpira bado anazivaa anaponyoosha.