Maji ya dafu au ndizi mbivu kwenye chupa za okidi?

Kila nikikutana na wenzangu wanaootesha maua ya okidi maabara hapa Dodoma, ubishi ni huohuo. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, hivyo chupani tunailisha madini na sukari, halafu kila mtu na kiongezo chake: huyu maji ya dafu, yule ndizi mbivu.

Kwa bei, ndizi haina mpinzani. Gramu 50 hadi 100 zinatosha lita nzima ya chakula hicho cha chupani, yaani kidole kimoja cha soko la Majengo. Dafu linasafiri kutoka pwani, na lita hiyohiyo hutaka mililita 100 hadi 200.

Ila kwa mbegu inayoanza kuchipua nachagua dafu. Lina saitokinini, homoni inayochochea seli kugawanyika, na vile vijibonge vya kijani vinavyotokana na mbegu ikichipua huzaana upesi. Ndizi hatua hiyo inaweza hata kuzuia mbegu kuchipua. Nguvu yake huonekana miche ikishatoa majani na kutafuta mizizi.

Kutegemeka? Zote vigeugeu: dafu changa si sawa na lililokomaa, na ndizi hubadilika kadiri inavyoiva. Dafu lililobaki unaligandisha, umeme ukiruhusu. Ndizi huifanya agari, ile jeli inayogandisha chakula cha chupani, kuwa nzito ya kijivu, hivyo nyuzi za kuvu unaziona zikishatambaa juu. Nimemwaga chupa nyingi kwa hilo.

Mwenye mbegu na friza, dafu litamfaa. Aliyenunua miche michanga anayetaka kuikuza tu, ndizi inamtosha, mradi apime pH (kiwango cha uchachu) upya kabla ya kuchemsha.